Mama Mifugo na Nyumba ya Kulia kwa Lango

Siku mliyoniaga pale ofisini, mkanivisha khanga na kunikatia ile keki iliyoandikwa jina langu vibaya, kijana mmoja aliniomba niwaachie maneno mawili matatu ya uzoefu. Niliogopa kulia mbele za watu, nikasema nitaandika. Sasa nimestaafu, kuku wameshalishwa, na kisingizio sina. Ila mtanisamehe, maana kila nikianza kueleza kazi yangu najikuta naeleza kazi ya mama yangu. Yeye ndiye alikuwa afisa mifugo wa kwanza nyumbani kwetu, na mengi mliyokuwa mkinisifia mimi yalikuwa yake. Tulimzika mwaka jana hapa Karatu, amepita miaka themanini, ameacha wajukuu waliomwita Aama, yaani bibi, na vitukuu waliomwogopa. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya kwake, na ninayaandika kwa majivuno, sifichi.

Jina lake Yuliana, mzaliwa wa Mbulu, mtoto wa wakulima wa Kiiraqw waliolala na ng'ombe wao chini ya paa moja. Alipomaliza shule akaenda kusomea mifugo, chuoni wasichana wakiwa wachache mno, akarudi na cheti na gambuti za kiume zilizompwaya. Kituo chake cha kwanza kilikuwa josho la hapa hapa Karatu. Asubuhi ya kwanza alikuta wafugaji wamejaa na mifugo yao, akawasalimia, wakaitikia vizuri, kisha wakaendelea kukaa. Akauliza mbona hawaanzi kuingiza ng'ombe.

"Tunamsubiri bwana mifugo, binti yangu," mzee mmoja akamjibu kwa upole kabisa.

"Bwana mifugo ndiye mimi."

Yule mzee akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi gambuti, akasema basi, wao watasubiri kidogo tu. Jua likapanda. Mama alipochoka kutazamwa alivua kile kitambaa akajifunga kiunoni, akaenda nyuma ya fahali wa mzee yuleyule, akamsukuma kwa bega mpaka akatumbukia joshoni. Maji ya dawa yakaruka yakamlowesha mwenye fahali. Watu wakacheka, mzee naye akacheka, na foleni ikaanza kusogea. Kwa miaka kadhaa waliendelea kumwita Bwana Mifugo Yuliana, kwa sababu kazi ilikuwa na jina hilo na hakuna aliyejua la kuweka badala yake. Baadaye mtu fulani akaanza kusema Mama Mifugo, likamkaa.

Mwalimu wake wa kweli alimkuta pale joshoni. Aliitwa Mzee Jumbe, Mnyiramba kutoka Singida, aliyekuja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa akaishia kusimamia josho. Alikuwa mwembamba, mkali, na sauti yake ilisikika kuliko ya ng'ombe. Yeye ndiye aliyemfundisha Mama kusimama karibu na bega la ng'ombe badala ya kumkimbia, kwa sababu teke la mbali huuma zaidi. Alimfundisha pia kupapasa matezi chini ya sikio kabla ya kuuliza swali lolote. "Wewe muulize ng'ombe kwanza," alikuwa anamwambia, "mwenye ng'ombe atakueleza historia ya ukoo wake mpaka mnyama afe." Mama alimnukuu mpaka uzeeni, mara nyingi mezani, mara nyingi akimlenga baba yangu.

Vifaa vyake mngeviona mngecheka. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, la kuchemshwa, na nyumbani sisi watoto tulijua ipi ni sufuria ya sindano na ipi ni ya uji. Tuliokosea tulikosea mara moja tu. Kipimajoto alikifunga uzi, na uzi akaufunga kwenye kibanio cha nguo, kibanio kikabanwa kwenye manyoya ya mkia, kwa sababu kipimajoto chake cha kwanza kiliingia ndani ya ng'ombe wa watu huko Sale na hakikurudi siku ile. Mwenye ng'ombe alikileta wiki iliyofuata kikiwa kimeoshwa, akadai kimemponya mnyama. Mama alikipokea kwa heshima na hakumsahihisha. Ninyi leo mna vipimo vinavyosema vyenyewe, lakini kile kibanio bado ninacho, na anayekitaka aje akichukue.

Alihamishwa hamishwa kama sisi sote. Alikaa Sale, akakaa pande za Loliondo, mwishowe akapewa Endulen na vijiji vya kule chini mpaka Kakesio. Sisi watoto tulibaki Karatu na Baba, fundi seremala, ambaye alipika ugali kwa vipimo vya ubao na ulitoka mgumu kama ubao. Mama akirudi likizo alinuka moshi na samli, na Kimasai chake kilikuwa kimepiga hatua nyingine. Huko ndiko alikopata namna yake ya kufanya kazi, ile niliyoirithi na ambayo baadhi yenu mliita uvivu wa kuanza.

Ilikuwa hivi. Kwenye boma la Kimasai mwanamume ndiye msemaji wa mifugo, lakini anayekamua asubuhi na jioni ni mke. Kila mke ana ng'ombe wake wa kukamua, na ndama wachanga wa ng'ombe hao hulala ndani ya nyumba yake, kwenye kizizi kidogo karibu na kitanda. Kwa hiyo wa kwanza kujua kwamba ng'ombe kapunguza maziwa, au ndama kakohoa, ni mwenye kibuyu, siyo mwenye rungu. Bwana mifugo wa kiume alipokelewa zizini, akaoneshwa mnyama zizini, akachoma sindano zizini, akaondoka. Mama alikataa sindano kabla ya kukamua. Alichuchumaa na wake asubuhi, akakamua, akapiga soga, kisha akaingia nyumbani kunywa maziwa na kutazama ndama walipolala. Wala hakuuliza ng'ombe ni wangapi, maana hawapendi kuhesabiwa. Aliuliza rangi. Nani hajarudi, yule mweusi mwenye baka jeupe? Akapata jibu sahihi kuliko takwimu zetu.

Nilipoajiriwa nikapangiwa kwake, na watu wakasema napendelewa. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi chini yake. Nyumbani nilikuwa Mena, kazini aliniita Afisa, na Afisa ndiye aliyebeba kasha la chanjo kwenye kila mlima. Nikikosea hakunigombeza mbele za watu. Alisubiri tufike garini, akazima injini. Mpaka leo gari likizimwa ghafla moyo unanienda mbio.

Sasa niwaeleze Kakesio, maana ndiyo kesi ninayoulizwa kila mara, na wanaoisimulia wameshaitia chumvi.

Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini, kipindi cha mvua. Tuliitwa kwenye boma la mtu nitakayemwita Lemayani, mwanamume wa makamo, mwenye wake watatu na sifa ya kutosema uongo. Gari letu lilinasa kwenye tope jeusi, tukafika jioni tumechoka. Lemayani alitupokea langoni na hakuzunguka.

"Mama Mifugo, ndama wa nyumba ya huyu mke mdogo wanakufa. Wa nyumba nyingine wazima. Alikuja bwana mifugo mmoja akachoma, wakafa vilevile. Sasa nimejua mwenyewe. Huyu anakamua mpaka tone la mwisho, ndama wanakufa njaa."

"Umemwona?"

"Nani anaweza kuona? Ndama ndio wanasema. Amebaki mmoja, mtibu huyo. Mwezi huu ukiisha namrudisha huyu mwanamke kwao Oloipiri. Mtoto anabaki hapa kwa mama mkubwa."

Yule mke mdogo, Nasieku, alikuwa amesimama nyuma yetu na anasikia yote. Mtoto alikuwa mgongoni, wa kiume, hajaanza hata kutembea. Hakulia. Alimkaza tu mtoto kwenye mbeleko, akamkaza tena, ingawa alikuwa ameshakaa vizuri. Mimi nilishavunja kichupa cha dawa nimchome ndama. Mama akanishika mkono akasema, "Afisa, tutaanza asubuhi, kwa kukamua."

Kulipokucha akatoka na kibuyu. "Takwenya," akamsalimia Nasieku. "Iko," akaitikia kwa sauti ndogo. Wakachuchumaa kila mtu upande wake wa ng'ombe, na Mama akaona kwa macho yake. Chuchu za upande mmoja Nasieku alikamua, za upande wa pili alimwachia ndama, kama alivyofundishwa na mama yake, na kama wafanyavyo wake wote wa boma lile. Ndama alinyonya akashiba, kisha akageuka akakohoa.

Tukaingia ndani. Mle mna giza na moshi, mtu hushika njia kwa mkono. Mama akapiga magoti kwenye kizizi cha ndama, akatia mkono chini ya nyasi za kulalia, akautoa umejaa tope.

"Mvua ikinyesha maji yanapita wapi, mwanangu?"

"Yanapita hapa, yeyo," akajibu, yaani mama kwa lugha yao. "Nikilala nayasikia."

"Ulimwambia mume wako?"

"Nyumba ya mke wa tatu inakaa hapa. Ningemwambia nini?"

Hapo ndipo kesi ilipofunguka, na kama hamjaishi kule mngeipita. Nyumba za wake hazijengwi popote. Mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango, wa pili kushoto, wa tatu anarudi kulia baada ya yule wa kwanza. Kwenye boma hili mkono wa kulia uliteremka. Nyumba ya mke mkubwa ilikuwa juu, pakavu, na maji yote ya zizi, mvua na mkojo wa ng'ombe, yaliteremka yakapenya chini ya ukuta wa Nasieku. Ndama walizaliwa wazima, wakalala kwenye maji na moshi, wakapata kichomi. Sindano iliwaponya kwa siku chache, kisha wakarudi kulala palepale. Na hakuna aliyeitilia shaka ile sehemu, kwa sababu ilikuwa sehemu yake ya haki.

Lemayani alikuwa amekaa nje na wazee wa jirani. Mama akaenda na mkono wake wa tope hivyohivyo, hakunawa.

"Mke wako hawanyimi ndama maziwa. Nimekamua naye. Wanalala kwenye maji."

"Nyumba ya huyu haihami," akasema Lemayani. "Hiyo ndiyo nafasi yake. Ukimhamisha, umemtoa kwenye hesabu ya wake zangu."

"Nimesema ihame? Nyumba ibaki upande wake. Maji ndiyo yahame."

Wazee wakacheka, lakini cheko la kusikiliza. Mmoja akauliza, "Na wakifa tena? Wewe utakuwa umestaafu, uko Karatu unakula vizuri."

Mama akamgeukia Lemayani. Nilimjua, nikaanza kuogopa.

"Karatu nina ng'ombe mmoja," akasema. "Jike jekundu, mrefu, anatoa maziwa ya kutosha nyumba nzima. Ndama wa nyumba hii, huyu aliyepo na watakaozaliwa msimu huu, watazamwe mpaka waache kunyonya. Akifa hata mmoja, Lemayani uje umchukue ng'ombe wangu. Lakini mpaka siku hiyo, huyu haendi Oloipiri na mtoto hatoki mgongoni kwake."

Lemayani aliwatazama wenzake. "Wazee mmesikia," akasema, na ikawa imekwisha.

Vijana, msifanye hivyo. Hakuna mwongozo wowote wa kazi unaomruhusu afisa kuweka rehani ng'ombe wake, na kila afisa anajua ndama hufa hata wakilala kwenye godoro. Garini hata sikusubiri azime injini, nilimuuliza mwenyewe kama ana akili timamu. Akanijibu, "Mena, yule mtoto ana meno mawili tu." Aliniita Mena, saa za kazi.

Ila kabla ya kuondoka tulifanya kazi. Nyumba ni kazi ya wanawake, kwa hiyo hakuna mwanamume aliyenyanyua jembe, na hatukuwaomba. Tulichimba mtaro kuzunguka upande wa juu, mimi, Mama na Nasieku, tukiwa tumezama kwenye samadi hadi vifundoni. Tulipokuwa katikati mke mkubwa akatoka kwake, akasimama akatutazama, akarudi ndani. Nikadhani ametudharau. Akatoka na jembe lake, akaanza kuchimba kutoka upande wa pili bila kusema neno. Jioni mtaro ulikuwa umekwisha. Tukainua sakafu ya kizizi kwa mawe na udongo mkavu, tukatoboa tundu la moshi juu yake, tukamtibu yule ndama, tukaondoka tunanuka mpaka gari likanuka.

Baba alipopata habari aliacha randa juu ya benchi. "Ungeweka rehani kiti," akasema. "Viti ninavyo vingi." Kisha akaenda bandani akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Tulikuwa naye huyo mmoja tu. Ndiye aliyetusomeshea mdogo wangu.

Mama akastaafu, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani kulima mahindi na maharage ya ngwara. Hakumtaja Lemayani. Lakini kila gari la Endulen liliposimama stendi, alikuwa na sababu ya kupita stendi. Mimi nilipopita Kakesio kikazi nilikuta boma limesogea na mifugo kufuata malisho, sikupata habari. Mvua zikaisha, zikaja nyingine.

Siku moja ya mnada, nikiwa nyumbani, tukaona Lemayani anaingia uani na shuka yake nyekundu, rungu mkononi. Nyuma yake alikuwa Nasieku. Mtoto hakuwa mgongoni, na nilipoona mgongo mtupu nilidhani ameshanyang'anywa. Kisha nikamwona, anatembea mwenyewe, ameshika pindo la shuka ya mama yake.

Wakakaribishwa viti. Lemayani alisalimia kwa utulivu, akauliza habari za watoto, akauliza habari za ng'ombe. Mama akajibu yote, kisha akauliza yeye.

"Ndama?"

Lemayani akamgeukia mkewe. Nasieku akasimama.

"Yule uliyemtibu yupo, yeyo, ni mtamba sasa. Aliyezaliwa baada yake yupo. Wa mwisho alikufa."

"Alifia nje?"

Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema fisi, angeweza kusema nyoka, na mumewe hakuwa na namna ya kubisha, wala sisi.

"Alifia ndani kwangu. Alikohoa. Nilimlaza kifuani, akafa."

Baba, kwenye benchi lake pale uani, aliacha kupiga randa. Mama alitikisa kichwa taratibu, akanyanyuka akaenda bandani, na alipotoka alikuwa anamwongoza yule jike jekundu kwa kamba. Alimpapasa chini ya sikio, mazoea ya kazi, akamkabidhi Lemayani.

"Nilisema hata mmoja," akasema.

Lemayani akaipokea kamba. Alimzunguka ng'ombe, akamtazama kiwele, akamtazama miguu, hana haraka, na mimi nilikuwa namchukia kwa moyo wangu wote. Kisha akamwendea mkewe, akaiweka kamba mkononi mwake, akamfumba vidole.

"Wewe utamkamua," akamwambia, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie. "Atalala kulia kwa lango."

Nasieku alishika ile kamba kwa mikono miwili. Akapiga hatua moja kumwelekea Mama. Mama akamsogeza karibu akamshika kichwa kama wanavyoshikwa watoto wa kule wanapoamkia, akakaa hivyo kwa muda. Wakaondoka kuelekea mnadani kutafuta lori la kurudi, Lemayani mbele, ng'ombe wetu katikati, Nasieku nyuma na mtoto wake akimpigapiga ng'ombe kwa kijiti asichojua kukitumia.

Tulibaki tumesimama na banda tupu. Nilidhani Mama analia, nikamgeukia nimfariji, nikakuta anajaribu kuzuia kicheko na ameshindwa.

"Mena," akasema, "bandika chai. Ya rangi."

Tulikunywa chai ya rangi karibu mwaka mzima nyumbani kwetu. Baba aliinywa akinung'unika, mimi niliinywa kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mama aliinywa akijimiminia ya pili, mgongo umenyooka, kama mwanamke mwenye zizi limejaa.